Mstari Ulioishia Kitandani

Mchoro ulikuwa mzuri mno, na hilo ndilo lililomkosesha Inspekta raha. Ulitundikwa katika ofisi ya meneja wa mifumo ya hospitali, ndani ya fremu yenye kioo, mahali ambapo watu wengine hutundika picha ya harusi. Visanduku vya rangi ya samawati vilipangwa kwa adabu, kila kimoja kikibeba jina la jedwali mojawapo la hifadhidata: Mgonjwa, Kitanda, Daktari, Dawa, Majibu ya Maabara. Mistari ilitoka kisanduku hiki hadi kile bila kukatana hata mara moja. Katika kazi yake Inspekta hakuwahi kukutana na jambo la kweli ambalo mistari yake haikukatana popote.

"Mstari wenyewe ndio huu," alisema meneja, akigonga kioo kwa ncha ya kalamu. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye tai iliyofungwa kana kwamba imepimwa kwa rula. "Majibu ya maabara yanakwenda moja kwa moja kwa mgonjwa. Hayana njia nyingine. Muuguzi akifungua ukurasa wa mgonjwa, anaona majibu ya mgonjwa huyo, si ya jirani yake. Kwa hiyo yule muuguzi wenu mshtakiwa akisema skrini ilimdanganya, afande, anatuona sisi watoto."

"Aliyeuchora ni nani?"

"Mimi mwenyewe."

"Na aliyeijenga hifadhidata?"

"Mtaalamu wa nje. Mkataba wake uliisha, akaenda zake."

Inspekta aliendelea kuutazama mchoro, mikono nyuma. Shauri lenyewe lilikuwa limekwisha kukauka mdomoni mwa kila mtu ila yeye. Muuguzi wa wodi ya upasuaji alikuwa amemchoma insulini mgonjwa asiye na kisukari. Mgonjwa huyo, mwalimu mstaafu, alizimia mchana huohuo asizinduke tena. Angekuwa mgonjwa mwingine yeyote, watu wangesema uzembe. Lakini alikuwa baba mkwe wa muuguzi, na siku chache kabla ya hapo wawili hao walizozana ukumbini mbele ya wageni wa hospitali nzima. Mzee alikataa katakata kwenda kuuguzwa kwa mwanawe. Alitaka kurudi nyumbani kwake akaishi peke yake. Mkwe akamjibu kwa sauti iliyosikika hadi dirisha la dawa: "Basi ufe peke yako."

Maneno hayo sasa yalikuwa ukurasa wa kwanza wa jalada la mashtaka. Ukurasa wa pili ulikuwa picha ya skrini. Muuguzi alidai kwamba mfumo ulimwonyesha sukari ya mzee imepanda kupita kiasi, na kanuni ya wodi inamwamuru muuguzi katika hali hiyo achome bila kumsubiri daktari. Polisi walipoufungua ukurasa huohuo, walikuta sukari iliyoshuka karibu na sifuri. Mchana wa siku hii muuguzi angepandishwa kizimbani kwa kosa la kuua kwa makusudi, kosa lisilo na dhamana.

"Kanuni ile ya wodi," aliuliza Inspekta, "bado inatumika?"

"Kwa nini isitumike? Kanuni haikumuua mtu."

Simu ya meneja ilitetemeka mezani. Aliitazama, akaomba radhi kwa mkono, akageukia dirisha. "Mama, nina wageni. Hapana. Vumilia, harufu ya rangi haikai sana. Hawakukuonea, mama, wanahamisha wote kwa sababu ya mafundi. Sasa kitanda cha mlangoni kina ubaya gani? Haya. Haya, nitapita." Aliiweka simu chini kama mtu anayeweka yai. "Mama yangu mzazi. Wamemtoa nyongo juzi, na nadhani sehemu yake ilihamia kwenye ulimi. Hana kisukari, hana presha, ana malalamiko tu. Wiki iliyopita mafundi walikuwa upande wa wanaume, leo wako upande wa wanawake, na mimi ndiye ninayelaumiwa, kana kwamba brashi nimeishika mimi."

Inspekta hakucheka, wala meneja hakulitarajia hilo.

"Nitauhitaji mchoro mwingine," alisema Inspekta.

"Wa nini? Huu una kila kitu."

"Ndiyo maana."

Nje, kwenye benchi la ukumbini, alikaa mume wa muuguzi, ambaye pia alikuwa mtoto wa marehemu. Hakukuwa na mtu aliyejua ampe pole ya upande upi. Shati lake lilikuwa limefungwa vifungo kwa kupishana. Alimwona Inspekta akasimama.

"Afande, shikamoo."

"Marahaba. Umefuata nini hapa?"

"Ruhusa ya kumchukua baba. Ndugu wanasema mazishi ni leo mchana. Na mahakama ni leo mchana. Nimeomba pande zote mbili zisogeze, hakuna anayesogeza. Dada yangu ananiambia nikienda mahakamani nisikanyage kwake tena. Wewe ungekwenda wapi?"

"Mkeo alikwambia nini?"

"Aliniambia neno moja tu, kwamba aliisoma namba. Hakulia hata kidogo. Mke wangu hulia kitunguu kikiwa bado kwenye kapu, afande. Mara hii hakulia. Alisema, niliisoma, baba watoto, nikaisoma tena."

Inspekta aliukumbuka uso wa muuguzi nyuma ya meza ya mahojiano. Waongo wengi aliowahi kuwahoji waliboresha maelezo yao kila walipoyarudia. Huyu alirudia sentensi ileile, kwa maneno yaleyale, mpaka mwandishi wa polisi akaacha kuandika.

"Usiende popote bado," alimwambia.

Chumba cha kompyuta kilikuwa mwisho wa ukumbi, na harufu ya rangi mbichi iliwafuata Inspekta na meneja hadi ndani. Hapo walimkuta fundi wa data wa idara ya upelelezi, mzee mnene anayekaribia kustaafu, ambaye wenzake walimwita Buibui. Alikuwa amekwisha kuweka kompyuta yake juu ya dawati, na kando yake chupa ya chai.

"Afande, kabla sijagusa kitu," alisema Buibui, "unataka mchoro wa kupendeza au mchoro wa kweli? Maana vifaa vyake ni tofauti."

"Nataka utakaosimama mahakamani."

"Basi ule wa kwenye fremu tuuache na fremu yake. Programu aliyoitumia bwana meneja ni ubao. Unaburuta kisanduku, unakiweka unapopenda, unavuta mstari. Ubao haujui kama kuna hifadhidata duniani. Chora ng'ombe, mwandike 'Mgonjwa', utanyamaza kimya."

"Hapa hatulazi ng'ombe," alisema meneja.

"Nimeuonja uji wenu, nilidhani mnawalaza."

"Buibui," alisema Inspekta.

"Samahani, afande. Ipo ya pili. Hii huchori, unaandika. Unaeleza kwa maneno jedwali hili lina safu zipi na limefungwa kwa jedwali gani, yenyewe inakuchorea. Mimi huipenda kwa kazi zangu. Ukibadilisha neno, mchoro nao unajipanga upya."

"Maneno yanatoka kwa nani?"

"Kwa anayeandika."

"Hayo ni maelezo ya shahidi yaliyopigwa chapa vizuri. Endelea."

Meneja aliingilia kati. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesaidia. "Kuna moja ya mtandaoni. Bure kabisa, na michoro yake inavutia. Unapakia muundo wa hifadhidata yako, kufumba na kufumbua umemaliza."

"Unaupakia wapi?"

"Kwenye seva zao."

"Za akina nani?"

Meneja alinyoosha tai iliyokuwa tayari imenyooka.

"Siwezi kumwambia hakimu kwamba kielelezo changu kililala nyumba ya watu nisiowajua," alisema Inspekta. "Buibui, umebakiwa na nini?"

Fundi alijikuna kidevu. "Nimebakiwa na mbaya wa sura. Mistari yake inapandana kama nywele zisizoona kitana. Lakini haimsikilizi mtu. Inaingia ndani ya hifadhidata yenyewe, inapita jedwali kwa jedwali na kuuliza: wewe umefungwa kwa nani? Jibu inalopata ndilo inalochora. Haimjui marehemu, haimjui meneja, na haina shemeji hospitali hii."

"Huyo ndiye shahidi wangu."

Utaratibu ulifuatwa hatua kwa hatua, kwa sababu Inspekta aliwahi kuona ushahidi mzuri ukifa kwa kukosa saini. Nakala ya hifadhidata ilichukuliwa mbele ya meneja na mwanasheria wa hospitali. Buibui alipewa ruhusa ya kusoma tu, asiweze kubadilisha hata herufi. Wote walitia saini, mwanasheria akaondoka zake, na programu ikaanza kuzunguka ndani ya nakala ile. Halafu skrini ikajaa.

Ulikuwa mchoro mbaya kweli. Visanduku vilirundikana, mistari ikapita juu ya mistari, na majina ya safu yalikuwa madogo kama sisimizi. Inspekta aliinama, akafuata kwa kidole kutoka Majibu ya Maabara. Mstari ulipanda, ukakata kona, ukapita nyuma ya Dawa, ukafika kwenye Mgonjwa.

"Si nilisema," alisema meneja, wala hakupandisha sauti.

Buibui alishusha pumzi ndefu. Inspekta alisimama wima. Kama mstari ulikwenda kwa mgonjwa, basi muuguzi aliona namba ya mgonjwa. Na kama aliona namba ya mgonjwa, alimchoma insulini mzee ambaye sukari yake haikuwa imepanda, huku akijua. Ule uso usiolia ungepata maana nyingine. Alinyoosha mkono kuchukua jalada lake, na mkono ukaishia njiani.

"Mstari huu umekatikakatika," alisema. "Ile mingine imeshikana. Kwa nini?"

Buibui aliusogeza uso wake kwenye skrini mpaka pua ikakaribia kugusa. "Ah. Huo si wa kusomwa, afande. Huo ni wa kukisia. Programu hii ina kipengele, ikikuta safu mbili zenye majina yanayofanana, inadhani zinahusiana, inakuchorea nukta nukta kukupa wazo. Kimewashwa tangu nilipoisakinisha, nikakisahau."

"Umeniletea shahidi anayekisia?"

"Anakisia kwa nia njema."

"Wote hukisia kwa nia njema. Zima makisio."

Buibui alibofya.

Mstari ulitoweka. Kisanduku cha Majibu ya Maabara kilibaki kimeng'ang'aniwa na mstari mmoja tu, mnene, ulioshikana tangu mwanzo hadi mwisho. Haukwenda kwa Mgonjwa. Ulishuka chini, ukapinda, ukaishia kwenye Kitanda.

Mashine zilivuma. Buibui aliushika mfuniko wa chupa yake ya chai na kuufunga, akaufungua, akaufunga tena.

"Programu yako ina kasoro," alisema meneja hatimaye.

Buibui hakubishana naye. Alifungua jedwali lenyewe, likaonekana tupu na wazi kama meza ya sokoni baada ya soko. Kulikuwa na safu ya kipimo, safu ya jibu, safu ya tarehe na safu ya kitanda. Safu ya mgonjwa haikuwepo. Aliisogeza skrini kulia hadi mwisho, akairudisha kushoto hadi mwanzo, kisha akaisogeza tena kulia, kama mtu anayepekua mfuko ambao anajua hauna kitu.

"Nieleze kama unavyomweleza hakimu," alisema Inspekta.

"Hakuna jibu la mgonjwa humu, afande. Kuna majibu ya kitanda. Ukifungua ukurasa wa mgonjwa, mfumo unatazama amelala kitanda gani, halafu unaleta jibu la mwisho la kitanda hicho. Mtu akitulia kitandani pake, mambo ni sawa. Akihamishwa..."

Meneja alikuwa amekaa. Hakuna aliyemwona akikaa. Tai yake ilikuwa bado imenyooka, lakini uso juu yake haukuwa ule wa asubuhi.

"Ilikuwa ya muda," alisema. "Tulipoanza, watu waliletwa kutoka ajalini hawajitambui, hawana namba ya usajili. Maabara ikakwama, majibu hayana pa kuingia. Yule mtaalamu akasema, basi tuyafunge kwenye kitanda kwa sasa, kitanda hakikosi namba, tutarekebisha baadaye. Nikakubali. Kisha mkataba ukaisha."

"Na mchoro wa ukutani?"

"Niliuchora siku hiyohiyo. Nilichora kama tulivyokubaliana itakavyokuwa ikisharekebishwa." Alijipangusa midomo kwa kiganja. "Nimeutazama kila siku, afande. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba haijawa."

Inspekta alimwamini. Meneja huyu asingeweza kubuni udhuru mbaya kiasi hicho. Aliuma mdomo wa chini, akavuta pumzi, na harufu ya rangi ikamjaa puani. Ilikuwa humo chumbani tangu walipoingia.

"Mwalimu alifia kitanda gani?"

Buibui aliandika, akasoma. "Cha mlangoni."

"Na kabla mafundi hawajaanza upande wa wanaume?"

"Cha dirishani. Alihamishwa asubuhi ya siku aliyokufa." Vidole vilikwenda tena kwenye vibonyezo, taratibu sasa. "Aliyemtangulia hapo mlangoni alikuwa mshonaji mwenye kisukari. Alipelekwa wodi nyingine asubuhi hiyohiyo. Jibu lake la sukari lilibaki kitandani. Hili hapa. Liko juu sana, afande. Mimi mwenyewe ningechoma."

"Halafu mzee akazimia."

"Wakampima. Jibu likaingia kitanda kilekile, juu ya lile la mshonaji. Na skrini huonyesha la mwisho tu." Alivua miwani. "Polisi wakafungua, wakakuta limeshuka. Yule muuguzi alisoma alichosoma."

Niliisoma, baba watoto, nikaisoma tena. Inspekta alichukua simu yake kumpigia mwendesha mashtaka, akabonyeza namba ya kwanza, ya pili, akaacha. Alimgeukia meneja. Hakuhitaji kuuliza, meneja alikuwa amekwisha kufika mwenyewe. Mkono wake ulikuwa unapapasa dawati lote kutafuta simu iliyokuwa mbele yake.

Alimpigia mama yake, akaiweka simu kwenye spika wote wasikie, labda kwa sababu vidole havikujua vinabonyeza nini.

"Umekuja au bado uko na wageni wako?" ilisema sauti ya mwanamke mzee, kavu na iliyochoka.

"Mama." Sauti ya meneja ilitoka nyembamba. "Mama, aliyelala hapo mlangoni kabla yako..."

"Yule dada mnene? Wamempeleka upande wa pili. Aliniachia tandiko limebonyea katikati, nimelala kama niko shimoni. Hebu ngoja, kuna muuguzi hapa, anataka mkono wangu. Anasema sukari yangu imepanda. Mimi na sukari wapi na wapi? Mwambie mwanangu, dada, mwambie mwenyewe, maana mimi nikisema naambiwa nalalamika."

Inspekta alimnyang'anya meneja simu.

"Mama, shikamoo. Mimi ni polisi. Vuta mkono wako."

"Polisi? Amefanya nini mwanangu?"

"Vuta mkono, mama. Sasa hivi. Mpe muuguzi simu."

Simu ilikwaruza. Sauti nyingine ikasema halo, ya mwanamke kijana, yenye haraka ya mtu mwenye wagonjwa wengi.

"Weka sindano chini," alisema Inspekta. "Usimchome huyo mama. Mpime sukari upya, kidoleni, kwa mkono wako, hapohapo ulipo. Na msimchome mtu yeyote wodi hiyo kwa kufuata skrini. Umenielewa?"

Sahani ya chuma ililia ilipogusa meza, na sauti ikawa nyingine kabisa. "Nimeelewa." Pumzi chache zilipita. Kisha muuguzi akasoma namba ya kidoleni, polepole, akairudia. Ilikuwa sukari ya mtu mzima wa afya. "Nilikuwa nimeshaivuta dawa," alisema. "Nilikuwa nimeshapangusa ngozi."

Kwa mbali mama mzee alisikika akiuliza kama sasa kuna mtu anayeweza kumrudisha dirishani.

Meneja alikuwa ameinamisha kichwa juu ya dawati, tai imelala ndani ya kikombe cha chai cha Buibui. Hakuna aliyeitoa.

Inspekta alimaliza kumpigia mwendesha mashtaka. Mazungumzo yalikuwa mafupi. Mwendesha mashtaka alitaka kubisha, akasikia neno insulini na neno kitanda katika sentensi moja, akasema atamwondoa mshtakiwa kwenye orodha ya mchana na gari litamleta. Baada ya hapo Inspekta alipita ofisi ya meneja, akaishusha fremu ukutani, akaiweka kwapani. Mchoro mzuri na mchoro mbaya ingesafiri pamoja katika jalada moja.

Mume alikuwa palepale kwenye benchi. Alisimama.

"Nenda kamzike baba yako," alisema Inspekta. "Mkeo yuko njiani. Mtaingia pamoja, na dada yako akiuliza, mwambie anipigie mimi."

Mtu yule hakushukuru wala hakulia. Alitazama vifungo vya shati lake, kana kwamba sasa hivi ndipo alipogundua, akaanza kuvifungua kimoja kimoja na kuvipanga upya. Vidole vilishindwa, vikaanza tena juu.

"Kama si yeye, afande," alisema, macho yakiwa bado kwenye vifungo, "ni nani?"

Inspekta alitafuta jina la kumpa, na kabla hajalipata, mlango wa chumba cha kompyuta ulifunguliwa. Buibui alisimama hapo, miwani mkononi, na hakuwa na mzaha wowote.

"Afande, nimeiuliza ile nakala swali moja," alisema. "Tangu mfumo huu uanze, akina nani walihamishwa kitanda, wakachomwa insulini, wakafa hapahapa." Aligeuza kichwa kuitazama skrini nyuma yake. "Majina bado yanashuka."